Je, Kazi Yanunuliwa?

Kila mwaka, mitihani ya Serikali ikiisha kupita na vyuo vikuu vya Beni na Butembo vikiisha kutoa diploma, vijana wengi hurudi Mbau, Oicha na Mangina, karatasi mkononi na kazi hakuna. Wazazi wao wameuza kakao miaka mingi ili kulipa masomo. Ndipo hutokea mtu mwenye maneno matamu: anayo nafasi katika shirika fulani, ila zahitajiwa dola kadhaa za kufungua dosye, nazo zahitajiwa leo. Mzazi huuza mbuzi, fedha hutumwa kwa simu, na mtu yule haonekani tena.

Wengi husema: wajinga ndio waliwao. Ndugu wasomaji, neno hilo halitoshi. Hao waliodanganywa wamesoma, na wengine wametupita sisi kwa elimu. Yafaa tutafute sababu yenyewe.

Uongo hausadikiki usipofanana na jambo la kweli. Noti bandia hupita sokoni kwa kuwa ziko noti halali. Vivyo hivyo mwenye kuuza kazi isiyokuwapo husadikiwa kwa kuwa watu wamekwisha kuona kazi zilizopo zikiuzwa. Kijana aliyemwona jirani yake akiingia kazini kwa kulipa, atashangaaje akiombwa kulipa yeye naye?

Tukumbuke miaka ya Ebola. Ugonjwa ule ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia upande wa Mangina, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020, umekwisha kuua watu 2,287. Wakati ule zilikuja kazi nyingi: kunawisha watu mikono, kupima joto njiani, kuendesha magari, kufuata hali ya waliogusana na wagonjwa. Kisha, tarehe 28 Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Ulimwenguni ilitoa ripoti yake. Ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa watumishi wa Shirika lenyewe. Wanawake walieleza jinsi walivyoahidiwa kazi, au kuachiwa kazi waliyo nayo, kwa bei ya miili yao. Basi bei ya kazi si fedha tu. Mwenye kuiuza huomba chochote ambacho mhitaji hawezi kukinyima.

Hapa tupambanue vema. Mtu aliyedanganywa ameibiwa. Mwanamke aliyebanwa hivyo ameonewa. Hao hawana deni la aibu, na tukiwacheka tunawasaidia wezi, maana mwizi hutegemea kwamba aliyeibiwa atanyamaza. Lakini yuko mwingine: ajuaye kwamba mwenzake amefaulu jaribio la kazi, naye alipa ili jina lile lifutwe na lake liandikwe. Huyo hakununua kazi, amenunua haki ya mwenzake. Atasema, "Nisipolipa mimi, mwingine atalipa, na watoto wangu wana njaa." Njaa yake ni kweli, nayo yapunguza hatia, walakini haigeuzi cha mwenzake kuwa chake. Tena amewafundisha wote waliomwona kwamba ndivyo kazi ipatikanavyo. Kesho mdanganyifu atavuna katika shamba hilo.

Zipo alama za kumjua mdanganyifu. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kazi ya kweli hutangazwa wazi, na dosye hupelekwa ofisini. Mdanganyifu hukufuata mwenyewe, hukutana nawe hotelini au katika simu tu, hukuharakisha, hukukataza kumwambia mtu, wala haulizi umesoma nini. Zaidi ya yote, huomba fedha. Mashirika ya Umoja wa Mataifa hayatozi chochote katika hatua yoyote ya kuajiri. Basi kabla ya kutoa hata faranga moja, uende kwenye lango la shirika lenyewe, au uulize katika Ofisi ya Taifa ya Kazi, iitwayo ONEM.

Na kwetu jambo hili si la mbuzi aliyepotea tu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika katika ripoti zao kwamba kundi la ADF, lililoua watu wetu wengi, limewapata baadhi ya wafuasi wake kwa kuwaahidi kazi au masomo. Waliosadiki wakajikuta porini wasiweze kurudi. Kijana akiambiwa asafiri kwenda kazini asikokujua, na asiwaage wazazi, na ajue kwamba kukaa nyumbani bila kazi ni heri kuliko safari hiyo.

Ninyi wazazi, msimwambie mtoto kila asubuhi kwamba diploma yake ni hasara. Maneno hayo humsukuma kwa mtu wa kwanza mwenye ahadi. Nanyi mlio na madaraka ya kuandika majina ya waajiriwa, jueni kwamba kila nafasi mnayoiuza yampa mwongo mahali pa kusimama. Siku watu wa Mbau watakapoweza kusema kwa kweli, "Kwetu kazi hainunuliwi," mwongo huyo hatakuwa na kitu cha kuuza.