Vazi la Harusi, Vazi la Msiba
Tafakari ya juma: Wakolosai 3:12–14, Yohana 19:23



Jijini Addis Ababa, chini ya vilima vya Entoto, lipo soko la Shiro Meda, maarufu kwa nguo nyeupe za pamba. Wafumaji wengi wa huko asili yao ni Wadorze, watu wa milima ya Gamo kusini mwa Ethiopia. Harusi ikikaribia, familia humiminika hapo. Lakini kwa desturi, vazi la harusi lilianzia nyumbani, kwa mama.

Wanawake husokota, wanaume hufuma. Mama aliichambua pamba, akaitoa mbegu, akaisokota kwa mkono kidogo kidogo, kila alipopata nafasi. Nyuzi zilipotosha ndipo zikapelekwa kwa mfumaji. Huyo huketi ukingoni mwa shimo, miguu ikikanyaga ndani, mikono ikipitisha mshindio kushoto na kulia. Akifika pindoni huingiza nyuzi za rangi, nakshi iitwayo tibeb. Mojawapo ya nguo hizo ni netela, mtandio mwepesi wa tabaka mbili.

Netela huvaliwa harusini, na huvaliwa msibani pia. Kinachobadilika ni namna ya kujitanda. Siku ya furaha pindo lenye nakshi huachwa lining'inie. Siku ya msiba hupandishwa juu, likauzunguka uso. Mwenye netela akifiwa hahitaji kwenda dukani, anayo tayari.

Harusi zetu tunazijua: kamati, michango, sare, ukumbi, na gauni la kukodi. Sina ugomvi na gauni la kukodi. Kwa wengi, ndio uwezo wetu. Ila Jumatatu linarudishwa kwa mwenyewe, na shida haina kalenda. Kazi ikiota mbawa, mtoto akilazwa, mzazi akifariki, maharusi wetu watajitanda nini?

Paulo anawaeleza Wakolosai mavazi yanayowafaa wateule wa Mungu: huruma, upole, uvumilivu, moyo wa kusamehe, na upendo juu ya yote. Hayo hayakodishwi. Mtu huyasokota mwenyewe, kwa neema ya Mungu, katika mambo madogo: kuomba radhi kabla ya kulala, kumshirikisha mwenzako kabla ya kukopa, kuuzuia ulimi mbele za wageni. Nayo hufaa kwenye ngoma na kwenye matanga.

Bwana wetu mwenyewe alikuwako kwenye furaha ya Kana, na alikuwako Golgotha, alikovuliwa kanzu iliyofumwa nzima bila mshono. Hakubadilika kati ya harusi na msalaba. Upendo uliowahurumia wenyeji waliotindikiwa divai ndio uliowaombea msamaha waliomsulubisha.

Basi juma hili, kama katika ukoo wenu kuna vijana wanaojiandaa kufunga ndoa, usiishie kuwatumia mchango kwa simu. Nenda ukaketi nao. Waambie ukweli wa ndoa yako: mlivyogombana, mlivyopatana, mlivyozika. Nanyi mnaooana, anzeni kusameheana sasa, wakati bado mambo ni mepesi. Vazi la msiba halianzi kufumwa siku ya msiba.