Chombo cha Watu Wawili

Mwezi huu naweka mbele yenu swali moja lionekanalo dogo, walakini limekwisha kuvunja undugu wa watu wengi. Watu wawili wakinunua chombo kimoja, nusu kwa nusu, kisha mmoja wao akakiongezea nguvu na uzuri kwa fedha zake peke yake, je, sehemu yake imekuwa kubwa kuliko ya mwenzake?

Swali hili halikutoka kitabuni. Lilitoka hapa kwetu Bujonde. Vijana wawili, mtoto wa baba mkubwa na mtoto wa baba mdogo, waliweka akiba, mmoja ya mpunga na mmoja ya kakao, wakanunua pikipiki. Mapatano yao yalikuwa ya mdomo tu: siku tatu za huyu, siku tatu za huyu, na Jumapili ipumzike. Yule mdogo akaitumia kuchukua watu na magunia mpaka Kyela sokoni. Yule mkubwa naye alichukua watu, lakini moyo wake ulikuwa katika mbio. Alikuwa amewaona vijana wenzake wakishindana jioni katika barabara ya lami iendayo Kasumulu, naye akatamani kuwapita.

Basi kwa muda wa miezi minne akaibadili. Kwanza alitia breki mpya na tairi jipya la nyuma, maana ya zamani yalikuwa yamekwisha. Kisha akabadili meno ya cheni ili iende mbio zaidi, akaitia ekzosi nyingine yenye kunguruma. Mwisho, apate kuifanya nyepesi, akafungua keria ya nyuma, akaondoa ngao ya mbele na vioo vya pembeni, akaviweka vyote darini kwa mama yake.

Zamu ya mwenzake ilipofika, mama mmoja akaja na gunia la mpunga la kupeleka mashineni. Hapakuwa na mahali pa kulifunga. Yule mama akaenda kwa mwenye pikipiki nyingine, na ugomvi ukaanza siku ile ile. Mkubwa akasema, “Nimetia fedha zangu, nawe hukutoa hata senti moja. Pikipiki sasa ni yangu zaidi kuliko yako.” Mdogo akajibu, “Umeichukua pikipiki yangu, kaka, ukaniachia jina lake.” Shauri likaletwa mbele ya wazee.

Tusifanye haraka kumhukumu yule mkubwa, maana neno lake lina nguvu. Ni kweli kwamba alitoa jasho lake. Ni kweli pia kwamba kila tendo la bidii likingoja ruhusa ya mwenzi, basi mwenzi mvivu au mwoga anaweza kumfunga mikono mwenye bidii siku zote. Tunawajua watu wa namna hiyo: nyumba ya urithi yavuja, na ndugu mmoja hukataa bati jipya, si kwa kuwa ni baya, bali kwa kuwa hataki kutoa fungu lake. Mtu wa hivyo hawezi kujificha nyuma ya neno “shirika”.

Lakini na tuangalie vizuri kilichotendeka. Watu wa ufuoni mwa Ziwa Nyasa wanajua kwamba mtumbwi uliochongwa mwembamba huenda upesi. Wanajua pia kwamba mtumbwi huo hauvumilii mzigo wala kukwaruzwa na mawe. Wakisi wa Ikombe, ambao vyungu vyao hupelekwa kuuzwa Matema, hawana haja na mtumbwi wa kushinda mbio. Wanataka ule utakaofikisha vyungu vizima. Sasa tuseme mtu wa mbio na mtu wa vyungu wana mtumbwi mmoja. Yule wa mbio akishika tezo na kupunguza ubavu, kwake ni kuutengeneza, na kwa mwenzake ni kuuharibu. Ubao ni ule ule, na tezo ni ile ile. Kwa hiyo neno “kutengeneza” halina maana mpaka tuulize kwanza: kwa kazi gani, na kwa faida ya nani?

Hata katika nchi za mbali mambo ni hayo hayo. Mwaka 1957 Mwingereza mmoja, Colin Chapman, alitoa gari dogo liitwalo Lotus Seven, lenye uzito wa kama nusu tani tu. Halikuwa na milango ya bati wala paa la chuma, na watu wengi waliuziwa vipande vyake wakaliunga wenyewe nyumbani. Tangu mwaka 1973 kazi ya kuliunda imeshikwa na kampuni ya Caterham. Wenye magari ya namna hii huyapeleka katika viwanja vilivyofungwa, mahali pasipo waendao kwa miguu wala mifugo, wakayajaribu mbio zake. Na wako waungao fedha wawili au watatu wapate kununua moja. Hao nao hawana budi kukata shauri lile lile: mmoja ataka injini yenye nguvu zaidi, mwingine aridhika na ile iliyopo; mmoja ataka kuondoa hata kioo cha mbele, mwingine ataka kumpakia mkewe siku ya mapumziko. Kila kitu kiondolewacho ili kupata wepesi kilikuwa na kazi yake, na huenda ile kazi ilikuwa ndiyo haja ya mwenzi.

Walakini upo mfano mwema wa karibu zaidi. Yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki yaitwayo Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, waliyashinda kwa gari la Volvo lililokwisha kutumiwa na wengine kabla yao. Halikuwa jipya, bali lilitengenezwa kwa kazi moja iliyojulikana: kupita matope, mashimo na vumbi na kufika mwisho. Mmoja alishika usukani na mwingine alikaa kando yake. Gari likikwama, wote wawili wamekwama. Likifika, wote wawili wamefika. Kwa hiyo kila msumari uliokazwa ulikazwa kwa ajili ya wote wawili.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Ndugu wale walikaa ndani ya chombo kwa wakati mmoja, na kila mmoja alimwona mwenzake. Vijana wetu walitumia chombo kwa zamu. Yule aliyeshika spana alikuwa peke yake, na mwenzake hakuwapo ila katika mawazo. Mwenye chombo cha zamu ana wajibu mgumu kuliko mwenye chombo chake mwenyewe: kila afunguapo parafujo hana budi kumwona mtu ambaye hayupo pale. Asipomwona, atamnyang’anya bila kukusudia, tena huku akidhani anamtendea mema.

Wazee wetu wa Kinyakyusa walikuwa na neno ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa furaha, kula na kuzungumza na wenzi. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao pamoja, wakala pamoja. Hawakudhani kwamba ushirika ni kugawana chakula tu. Walijua kwamba ni kumpa mwenzako nafasi ya kusema ndiyo au la. Na kwa kweli mwenye nusu ya pikipiki hana gurudumu moja na nusu ya injini. Alicho nacho ni haki ya kuulizwa. Ukimnyima hiyo, umemnyima nusu yake yote, hata ukiipamba pikipiki kwa fedha.

Basi wazee waliamua hivi. Breki na tairi vilikuwa matengenezo ya lazima, kwa kuwa bila hivyo wote wawili wangeumia. Kwa hiyo mdogo alipe nusu ya gharama, hata kama hakuulizwa. Meno ya cheni na ekzosi ni nyongeza za mmoja. Hazimpi sehemu kubwa zaidi, bali ni mali yake, na anaweza kuzifungua azichukue, mradi arudishe za kwanza zikiwa nzima. Keria, ngao na vioo vilikuwa vya wote wawili, navyo virudishwe mara moja, kwa gharama ya aliyeviondoa. Na tangu siku ile kila badiliko liandikwe katika daftari, na wote wawili watie sahihi kabla fundi hajagusa kitu.

Huenda mtu akauliza, Je, mwenzi akikataa kila jambo? Nami najibu kwamba kukataa nako kuna wajibu. Akataaye na atoe sababu mbele ya shahidi, na asikatae lililo la usalama. Ikiwa kusudi la mmoja ni mbio na la mwingine ni magunia, wala hapana njia ya kati, basi ni heri wauze chombo na kugawana fedha, kuliko kukifuga hata kife na undugu ufe nacho. Kutengana kwa hesabu safi si aibu. Aibu ni kuendelea kuitwa washirika, na huku mmoja amekuwa bwana na mwingine mtumishi.

Nasikia kwamba mkubwa alitazama chini muda mrefu, maana mzee mmoja alikuwa amemwuliza neno moja tu: “Mwanangu, siku ile ulipoifungua keria, mwenzako alikuwa wapi?” Hakujibu. Lakini kesho yake asubuhi alipanda darini kwa mama yake, akaishusha keria, akaifunga yeye mwenyewe kabla ya zamu ya ndugu yake. Mdogo naye alileta nusu ya fedha za breki kwa mafungu matatu, baada ya kuuza mpunga. Ekzosi ile ya kunguruma iliuzwa.

Ndugu msomaji, huenda wewe huna pikipiki. Lakini unayo nyumba ya urithi, au shamba la familia, au mashine ya shirika, au hata ng’ombe mmoja mliyemnunua wawili. Siku utakapotaka kukitia uzuri kitu kile, usianze kwa fedha wala kwa fundi. Anza kwa kwenda nyumbani kwa mwenzako, uketi naye, umwulize. Akisema ndiyo, mmejenga pamoja. Akisema la, umejua jambo ambalo pasipo kuuliza ungalilijua kwa ugomvi.