Mwivi wa Usiku na Mwivi wa Mchana

Siku moja nilikuwa nikiwafundisha watoto wa mwaka wa tano amri ya Mungu inayokataza kuua. Nilikuwa nimekwisha kuwaeleza habari za hasira, za kisasi na za sumu, nikadhani somo limekwisha. Ndipo kijana mmoja wa benchi la nyuma, ambaye kwa desturi hasemi neno, akasimama akauliza: "Mwalimu, askari polisi akimpiga mwivi risasi akafa, je, ametenda dhambi?"

Kabla sijafungua kinywa, darasa likajibu mahali pangu. Karibu wote walisema hapana, kwani mwivi alitaka mwenyewe. Msichana mmoja tu alisema ndiyo, wakamcheka. Mimi nikasema: "Nitajibu siku ya Ijumaa."

Siku ile nilishindwa kujibu kwa sababu nilitambua maneno yale. Yalikuwa maneno ya wazazi wao, na wazazi wao wana sababu. Katika mtaa wetu watu wamezoea kupiga sufuria usiku, nyumba kwa nyumba, ili kuitana wevi wanapoingia. Jirani yangu mmoja, mzee fundi wa cherehani, aliingiliwa na watu watatu wenye bunduki moja na mapanga. Walichukua cherehani yake. Alipojaribu kuishika wakamkata mkono wa kuume, vidole viwili vikaanguka pale pale. Mimi ndimi niliyeushika mkono ule, umefungwa kanga, tulipokuwa tukimpeleka hospitali juu ya baiskeli. Nisiwafiche: njiani niliomba polisi wawakute watu wale na kuwaua wote watatu. Niliomba hivyo mimi, mwalimu wa dini, na rozari mfukoni.

Baadaye mmoja wao alikamatwa. Haukupita mwezi, fundi akamwona sokoni akinunua samaki. Nani alimfungua, kwa bei gani, hatukuambiwa. Tangu hapo mzee husema kwamba hakimu mwema ni risasi, na watu wengi humwitikia. Basi swali la mtoto yule lilikuwa swali la mtaa mzima, nami nilikuwa mmoja wa wale waliokwisha kulijibu vibaya.

Nikafungua Kitabu cha Kutoka. Katika sura ya 22, karibu sana na zile Amri Kumi, mna sheria ambayo watu wengi huipita bila kuitazama. Yasema hivi kwa maana yake: mwivi akikutwa akivunja nyumba usiku, na mwenye nyumba akampiga hata akafa, huyo aliyepiga hana hatia ya damu. Lakini kama jua limekwisha kuchomoza juu ya mwivi yule, aliyemwua ana hatia ya damu, na mwivi sharti alipe alichoiba.

Tazameni jambo la ajabu. Mwivi ni yule yule, nyumba ni ile ile, na uovu wake haukupungua kwa sababu ya jua. Kilichobadilika ni nini? Usiku mwenye nyumba haoni. Hajui kama aliyeingia ataka mbuzi au ataka roho, na jirani wamelala. Mchana anaona, aweza kuita watu, aweza kumtambua mtu na kumpeleka mbele ya wazee. Basi Sheria ile ya kale haikuuliza kwanza, "Mtu huyu ni mbaya kadiri gani?" Iliuliza, "Saa ile ile, palikuwa na hatari gani, na palikuwa na njia nyingine?"

Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliendelea na fikira hiyo katika kitabu chake kikubwa, Summa Theologiae. Alifundisha kwamba tendo la kujitetea laweza kuwa na matokeo mawili: kuokoka kwake anayeshambuliwa, na kufa kwake anayeshambulia. La kwanza ndilo linalokusudiwa. La pili lafuata. Lakini mtu akitumia nguvu kupita ile inayohitajiwa, tendo lake si halali tena. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yasema kwamba wale waliokabidhiwa watu wana haki ya kumzuia kwa silaha anayewashambulia.

Kwa hiyo yule mtoto mwenye kusema ndiyo kila mara amekosa, hata kama nampenda kwa moyo wake. Askari akimkuta mtu ameinua panga juu ya kichwa cha mama, akampigia kelele asisikie, wala hapana njia nyingine ya kumzuia, yampasa apige. Akisimama tu akitazama, ndipo atakapokuwa na jambo la kuungama. Wala tusimhukumu askari huyo kama watu tuliokaa barazani na chai. Yeye yuko gizani, mshahara wake ni mdogo, labda tochi yake haina nguvu, na nafasi aliyopewa ya kufikiri ni kama kupepesa jicho.

Walakini wale wenye kusema hapana kila mara wamekosa zaidi. Wao huchukua neno "mwenye silaha" na kulifanya jina la mtu, kama jina la ubatizo, lisilofutika. Sivyo. Kuwa na silaha ni hali ya mkono. Aliyeinua panga ana silaha. Aliyelitupa chini hana, hata kama jana aliua. Na anayelala nyumbani kwake, panga likiwa chini ya kitanda, huyo hashambulii mtu. Mimi mwenyewe ninayo mapanga mawili, moja la shamba na moja la kuni. Kama kuwa na panga ni kustahili risasi, kijiji cha wazazi wangu kingekwisha wakati wa kulima.

Neno hili si mchezo wa walimu. Katika nchi yetu limekwisha kupimwa kwa damu. Mjini Kinshasa kuna makundi ya vijana waitwao kuluna, wanaowatisha na kuwakata watu kwa mapanga ili kuwanyang'anya fedha na simu. Taabu yao ni ya kweli, na wenyeji wa Kinshasa waliisikia kabla yetu. Mwezi wa 11 mwaka 2013 polisi walianza kazi waliyoiita Operesheni Likofi. Likofi katika Kilingala ni ngumi. Watu wengi walifurahi. Mwezi wa 10 mwaka 2014 ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu ilitoa taarifa ya kwamba watu wasiopungua 9 waliuawa bila hukumu na 32 walipotea. Serikali ilikataa taarifa hiyo na kumfukuza nchini mkuu wa ofisi ile. Mwezi uliofuata shirika la Human Rights Watch lilieleza habari za vijana na watoto wasiopungua 51 waliouawa na polisi, na wengine 33 waliochukuliwa wasionekane tena.

Waliuawaje? Hapo ndipo moyo wangu unaposimama. Kwa taarifa hiyo ya pili, askari walikuja usiku, mara nyingi wamefunika nyuso, bila hati ya kukamata mtu. Waliwatoa vijana nyumbani, wakawapiga risasi nje, wengine mbele ya jamaa zao. Na baadhi ya waliouawa hawakuwa kuluna hata kidogo: walikuwamo watoto wa barabarani, na vijana waliotajwa na majirani waliokuwa na ugomvi nao kwa mambo mengine.

Someni tena ile sheria ya Kutoka. Mle ndani, anayekuja usiku na kuvunja nyumba ni mwivi, na anayeamka usingizini kwa hofu ni mwenye nyumba. Katika Likofi mambo yamepinduka: anayekuja usiku, uso umefunikwa, ni mlinzi wa sheria, anayeamka usingizini ni mshtakiwa. Hofu ile iliyompa mwenye nyumba udhuru haipo, maana aliyepiga risasi ndiye aliyechagua saa, mahali na idadi ya watu. Aliweza kungoja asubuhi. Mtu anayeweza kuchukuliwa kutoka kitandani hata nje ya mlango aweza pia kuchukuliwa hata mbele ya hakimu.

"Hakimu!" husema fundi wangu, na kucheka bila furaha. Hili ndilo shindano gumu, wala sitaki kuliruka. Yeye alimwona mtu wake sokoni. Ataka nimwambie nini? Namwambia hivi: aliyepokea rushwa akafungua mlango wa gereza ni mtumishi wa sheria. Tukiona kwamba watumishi wa sheria wananunuliwa, twawezaje kuwapa baadhi yao bunduki na ruhusa ya kuua pasipo kuulizwa? Kama kufunguliwa kwa mtu kuna bei, kuuawa kwake kutakuwa na bei vilevile, nayo labda ni ndogo zaidi. Anayenidai au anayetamani kiwanja changu atajua mahali pa kupeleka jina langu. Hukumu mbaya ya hakimu yaweza kukatiwa rufani, hata baada ya miaka. Hata hukumu ya kifo, ambayo Papa Fransisko mwaka 2018 aliagiza Katekisimu ifundishe kwamba haikubaliki, nayo humngoja hakimu, mtetezi na rufani. Ni ajabu kubwa kwamba risasi ya barabarani isingoje hata jina kuulizwa mara mbili.

Katiba yetu ya mwaka 2006 yasema katika kifungu cha 16 kwamba mtu ni mtakatifu na kwamba Serikali yapaswa kumheshimu na kumlinda. Na katika kifungu cha 17, kwamba mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itakapomthibitisha. Na mwaka 1990, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Havana, nchini Kuba, ziliandikwa kanuni za polisi juu ya matumizi ya bunduki. Askari ajitambulishe, aonye kabla ya kupiga, isipokuwa kuonya kwenyewe kungeleta hatari, akusudie kuua pale tu ambapo hapana budi ili kuokoa uhai, aliyejeruhiwa apewe msaada upesi, jamaa zake wajulishwe, na jambo lote liandikiwe wakubwa. Mimi nikisoma kanuni hizi naona ile taa ya Kitabu cha Kutoka: kila moja yajaribu kuleta mchana kidogo katika usiku wa askari. Anayejitambulisha hafuniki uso. Anayempeleka majeruhi hospitali ameonyesha kwamba hakutaka kifo chake, alitaka panga lianguke.

Nao askari wenyewe, tuwafikirie. Watu huwashangilia siku ya kwanza, kisha huwaogopa maisha yote. Kijana aliyeamriwa kumwua mtu aliyepiga magoti hurudi nyumbani kula ugali na watoto wake. Je, nani amemwuliza amelalaje? Mkubwa aliyetoa amri hakuwapo pale. Sisi tuliopiga makofi hatukuwapo pia.

Ijumaa ilifika, nikawaeleza watoto habari ya mwivi wa usiku na mwivi wa mchana. Nilimwita mmoja ashike rula kama panga, mwingine awe askari. Rula ikiwa juu, darasa likasema "Apige!" Rula ikiwa sakafuni, wakanyamaza, kisha wawili watatu wakasema "Amfunge." Nilifurahi nafsini mwangu, nikidhani nimeshinda. Hapo yule kijana wa benchi la nyuma akasimama tena: "Mwalimu, na kama ni usiku, lakini kuna mbalamwezi?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwani ndilo swali lenyewe. Mara nyingi askari hapati usiku mtupu wala mchana mtupu. Aliona mkono ukiingia mfukoni, hakuona kilichomo. Nikamjibu kwamba ndiyo sababu kila risasi iliyomwua mtu lazima iulizwe baadaye, na watu wengine wasio wenzake wa zamu: alisimama wapi, aliona nini, angeweza kuona nini kwa mwanga uliokuwapo, alisema nini kabla ya kupiga. Askari mwaminifu haaibishwi na maswali hayo, maana ndiyo yatakayomtenga na mwuaji. Kijana akauliza, "Na asipoulizwa?" Kengele ikalia. Nilimwambia kwamba asipoulizwa, hatutajua kama alikuwa askari au mwivi mwenye sare. Labda lilikuwa jibu kali kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, lakini sikupata lingine.

Jioni ile nilipita kwa fundi. Siku hizi hushona kwa cherehani ya kuazima, mkono wa kushoto ukifanya kazi ya mikono miwili. Nikamsimulia yote niliyowaambia watoto, tangu mwanzo. Alisikiliza bila kunikatiza, naye ni mtu mwenye adabu. Nilipomaliza akautazama mkono wangu uliokuwa juu ya meza yake, akasema: "Mwalimu, wewe vidole vyako vyote vipo."

Nikamwambia ni kweli. Alikuwa akijaribu kutia uzi katika sindano tangu nilipoingia. Nikamtilia, akaendelea kushona.