KURA NI SHAHADA, SI UTUMWA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Sifa zote njema zamstahiki Yeye, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, kila uchaguzi mkuu unapokwisha katika nchi yetu ya Kenya, barazani petu husikika mzaha mmoja ambao umekwisha kuwa wa kale. Watu hukaa baada ya swala ya Alasiri, kahawa ikapita, na mmoja akasema: "Watazameni watu wa Kitui na Makueni. Wamemfuata tena mtu wao. Akienda kulia huenda, akienda kushoto huenda." Wenziwe hucheka, na kikombe huendelea kuzunguka. Leo twataka kukiuliza kicheko hicho maswali mawili. La kwanza, je, ni cha haki? La pili, je, mwenye kucheka amejitazama katika kioo?

Watu hao si wageni kwetu. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka Pwani na pembe za ndovu kabla reli haijajengwa, na watu wetu nao wakapanda bara na nguo na shanga. Asafiriye kutoka Mombasa kwenda Nairobi hupita ardhi ya Makueni tangu Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, mpaka Emali na Sultan Hamud, mji ambao hata jina lake latoka kwetu, kwani ni jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Zanzibar. Na Wakamba wangapi tunaishi nao ukuta kwa ukuta, Changamwe na Shimba Hills! Basi tunapowacheka, twamcheka jirani. Na Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat amewakataza watu kuwadharau wenzao, kwani huenda wadharauliwao wakawa bora kuliko wenye kudharau.

Tuyatazame sasa mambo yenyewe kama yalivyokuwa. Mwezi wa Mei 1963 Paul Ngei, aliyefungwa pamoja na Mzee Kenyatta katika kesi ya Kapenguria, alikuwa amekwisha toka katika KANU na kuunda chama chake, African People's Party. Watu wa Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake zama hizo, wakamfuata. Haikufika miezi mitano, Ngei akarudi KANU na chama chake. Aliyempa kura mwezi wa Mei akajikuta mwezi wa Septemba kura yake imelala katika nyumba ile ile aliyoikataa, na hakuna aliyemuuliza.

Miaka mingi baadaye, katika Desemba 2007, Kalonzo Musyoka aligombea urais peke yake, akawa wa tatu kwa kura karibu 880,000, na nyingi katika hizo zilitoka Ukambani. Januari 2008, nchi ikiwa yawaka moto, akawa Makamu wa Rais wa Mwai Kibaki. Mwaka 2013 na mwaka 2017 akawa mgombea mwenza wa Raila Odinga, na Ukambani ikampigia Raila. Mwezi wa Mei 2022 alitangaza kwamba atagombea mwenyewe. Mwezi wa Juni akarudi kwa Raila, na wengi wa wapiga kura wa Kitui na Makueni wakarudi naye. Hatusemi kwamba alikosea au alipatia. Hiyo si kazi ya jarida hili. Twasema tu kwamba upande ulibadilika, na mfuasi hakubadilika.

Lakini mwenye kucheka barazani husimama hapo, asitazame upande wa pili. Mwaka 2013 watu hao hao wa Makueni hawakumchagua gavana wa chama kile. Walimchagua Kivutha Kibwana wa chama cha Muungano. Gavana na baraza la kaunti wakagombana ugomvi mkubwa, hata risasi zikalia mwaka 2014, na ikatakwa kaunti ivunjwe. Haikuvunjwa. Mwaka 2017 raia wakaamua wenyewe: Kibwana, ambaye safari hii alisimama kwa chama cha Wiper, wakamrudisha, na wengi wa wajumbe wa baraza wakawapumzisha. Walitazama hospitali na kiwanda cha matunda cha Kalamba, wakapima kwa macho yao. Na Kitui mwaka huo huo walimwondoa gavana wa Wiper, Julius Malombe, wakamweka Charity Ngilu wa chama cha Narc. Kisha mwaka 2022 wakamrudisha Malombe. Je, hao ndio watu wasiojua kupima?

Basi yatudhihirikia kwamba katika moyo wa mtu mmoja hukaa uaminifu wa namna mbili. Akipiga kura ya mambo ya karibu, ya maji na dawa na barabara, hupima. Akipiga kura ya mambo ya mbali, ya ukubwa wa nchi, huacha mizani nyumbani akamtazama aliye wa damu yake. Na hili si la Mkamba peke yake. Sisi wa Pwani tumesema mara ngapi, "Huyu ni wetu, hata akiwa mbovu ni wetu"? Tumempa mtu kura kwa sababu ya ukoo wake, au mtaa wake, au kwa kuwa babu yake alikuwa sheikh, naye mwenyewe hatujui anaswali wapi wala anadaiwa na nani. Kioo ni hicho, na kila mtu ajitazame.

Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizwa kama ni ubaya wa asabiya mtu kuwapenda watu wake. Akajibu kwamba sivyo; asabiya ni kuwasaidia watu wako katika dhulma. Tazameni mafunzo haya yalivyo na insafu. Dini haikumwambia Mkamba asimpende Mkamba mwenziwe, wala haikumwambia Mswahili asimpende Mswahili. Imeweka mpaka tu: mapenzi yakifika penye dhulma, yasimame. Na katika Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu ameamuru tusimame imara kwa uadilifu, tuwe mashahidi kwa ajili Yake, ijapokuwa ushahidi huo ni juu ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa zetu wa karibu. Kura ni nini ikiwa si shahada? Unapotia alama mbele ya jina la mtu, washuhudia kwamba huyu ndiye astahiliye amana ya watu. Ukijua kwamba hastahili, nawe umemshuhudia kwa kuwa ni wa kabila lako, umetoa shahada ya uwongo, na pazia la kituo cha kura halikufichi kwa Mola wako.

Uko uaminifu mbaya kuliko huo, nao ni ule unaonunuliwa. Mtume ametutajia watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatasema nao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu anayempa kiongozi ahadi ya utii kwa ajili ya dunia tu: akipewa hutimiza, asipopewa huvunja. Ndugu yangu, noti ya shilingi mia mbili, au mfuko wa unga, au kanga ya rangi ya chama, ndiyo dunia iliyotajwa hapo. Mwezi wa Machi 1957, Waafrika wa nchi hii walipowachagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, sheria ya kikoloni iliwapima kwa elimu na mali, mmoja akapata kura moja na mwengine hata tatu, na wengi wasipate kabisa. Wazee wetu waliihesabu dhulma hiyo kuwa fedheha. Leo kila mtu mzima ana kura yake sawa na ya tajiri, naye aiuza kwa bei ya chakula cha siku moja!

Tazameni pia ndugu zetu Waislamu walioko Uingereza. Kwa miaka mingi wengi wao walikuwa wafuasi wa chama cha Labour, baba na mwana. Ulipofika uchaguzi wa Julai 2024, chama hicho kilishinda nchi nzima ushindi mkubwa. Lakini katika Blackburn, na Dewsbury, na sehemu za Leicester na Birmingham, kilishindwa na wagombea wasio na chama, kwa kuwa Waislamu wengi walichukizwa na msimamo wake juu ya vita vya Gaza. Hawakuvunja kioo wala kumtukana jirani. Walisema kwa karatasi kwamba uaminifu wao ulikuwa na sharti. Huo ndio uaminifu wa mtu huru. Usio na sharti ni wa mtumwa.

Sasa tuje katika yale yafuatayo baada ya kura kuhesabiwa, kwani hapo ndipo imani hupimwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika nchi hii, na laki kadhaa wakatolewa majumbani mwao. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi wa urais, na mwaka 2022 ikauthibitisha. Mara ya kwanza hawa walifurahi na wale wakalia, na mara ya pili ikawa kinyume. Waingereza walitutawala, na mengi yao tuliyakataa kwa haki. Lakini katika Oktoba 1951 chama cha Clement Attlee kilipata kura nyingi kuliko chama cha Winston Churchill, kikapata viti vichache, na siku ya pili yake Attlee akajiuzulu na kuondoka. Alikuwa amekubali sheria ya mchezo kabla ya mchezo kuanza. Na sisi, ambao Mtume wetu alitimiza mkataba wa Hudaibiya huku Masahaba wakiona uchungu wake, hatukustahili kufundishwa hayo na mwengine.

Tulipopita katika mji mmoja wa njia kuu huko Makueni, miezi michache baada ya uchaguzi wa 2022, tuliingia msikitini kuswali Adhuhuri. Wazee wawili walisimama katika safu moja, bega kwa bega. Imamu alipotoa salamu, nao wakageuza nyuso zao kulia na kushoto, kila mmoja akamtolea mwenziwe salamu ya Swala. Kisha wakatoka kwa milango miwili mbalimbali. Tukauliza, tukaambiwa kwamba ni wakwe: mtoto wa huyu amemwoa mtoto wa yule. Tangu Agosti hawajasemezana, kwa kuwa mmoja alifuata chama cha wengi wa pale na mwengine akafuata kilichoshinda nchini. Mjukuu akizaliwa, tuliambiwa, huenda wakaja kumtazama kwa zamu.

Subhanallah! Mtume ameharimisha Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, akasema mbora wao ni yule anayeanza kwa salamu. Wagombea wenyewe, walioshinda na walioshindwa, huonekana meza moja wakila. Nao wazee wale wamebaki na hasira ambayo wenyewe wamekwisha kuitua.

Kwa hivyo, ndugu zetu, Katiba ya mwaka 2010 imeweka uchaguzi mkuu kila mwaka wa tano, Jumanne ya pili ya Agosti. Siku hiyo haina budi kuja, na baada yake Ijumaa itakuja vile vile. Kabla ya Jumanne, mpime mtu kwa amana na kazi yake, na mkono wako usipokee kitu. Baada ya Jumanne, ukishinda usimcheke aliyeshindwa. Ukishindwa, dai haki yako mahakamani, si kwa jirani. Na Ijumaa ikifika, ukitoa salamu ya Swala, toka nayo nje mpaka mlangoni kwa uliyekhitilafiana naye.

Ewe Mola wetu, tufanye mashahidi wa kweli, hata juu ya nafsi zetu. Watie viongozi wetu khofu Yako, na utie mapenzi baina ya watu wa Pwani na watu wa bara. Amin. Wabillahi taufiq.