Kasoro Asiyoiona Mnunuzi

Mwezi Oktoba 2016 kampuni ya Apple ilizindua MacBook Pro mpya, kompyuta mpakato iliyokusudiwa watu ambao riziki yao inapita ndani ya mashine: wahariri wa video, waandishi wa programu, wapiga picha, wanahabari. Ile ya inchi 15 ilianzia dola 2,399. Ilikuwa nyembamba kuliko iliyoitangulia, na sehemu ya wembamba huo ilitoka kwenye kibodi. Chini ya kila kitufe, mahali pa vile vijiti vya mkasi vilivyozoeleka, palikuwa na muundo mpya ulioitwa kipepeo, ambao Apple iliutumia kwanza mwaka 2015 katika MacBook ya inchi 12. Kitufe kilishuka kidogo mno, na nafasi iliyobaki chini yake ilikuwa finyu kiasi kwamba chembe ya vumbi iliweza kukikwamisha.

Punde wenye mashine hizo wakaanza kusimulia mambo yanayofanana. Herufi inajirudia. Nyingine haitoki, hata ukibonyeza kwa nguvu. Baada ya saa moja kitufe kinapona chenyewe. Unaipeleka kompyuta dukani, fundi anabonyeza, haoni kitu, unarudi nayo nyumbani, na jioni maradhi yako palepale. Kasoro inayokuja na kuondoka humtesa mtu kwa namna yake, kwa sababu kwanza humfanya ajishuku: labda ni vidole vyangu, labda ni makombo ya mkate. Apple ilichapisha maelekezo ya kuinamisha kompyuta kwa nyuzi 75 na kuipuliza kwa hewa ya kopo. Oktoba 2017 mwandishi Casey Johnston alieleza masaibu yake katika jarida la The Outline, na maelfu ya wasomaji wakayatambua kuwa ni yao pia. Machi 2019 Joanna Stern wa gazeti la Wall Street Journal alichapisha safu yenye maneno yaliyokosa herufi, vilevile kibodi yake ilivyoyaandika.

Suala la ufundi limekwisha. Novemba 2019 Apple ilirudi kwenye muundo wa mkasi katika MacBook Pro ya inchi 16, na kufikia Mei 2020 muundo wa kipepeo haukuwamo tena katika kompyuta mpya za kampuni hiyo. Lililobaki ni swali la kale kuliko kompyuta yoyote: anayeuza kitu anawiwa nini na mnunuzi asiyeweza kuona ndani yake?

Mwanafalsafa wa Kirumi Cicero alilichukua swali hili mwaka 44 kabla ya Kristo, katika kitabu cha wajibu alichomwandikia mwanawe aliyekuwa akisoma Athens. Anatoa mfano wa mtu anayeuza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye peke yake: mbao zimeoza, vyumba vina wadudu, hewa yake inaleta maradhi. Wanafalsafa wawili wanabishana. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji hakumlazimisha mtu kununua, na kunyamaza si sawa na kuficha. Antipater anamjibu kwamba kunyamaza mbele ya mtu unayemwona anakwenda kupotea ni uovu. Cicero anasimama na Antipater. Mwanateolojia Thomas Aquinas, katika karne ya 13, aliongeza tofauti inayofaa sana hapa: anayeuza farasi chongo halazimiki kuitangaza chongo hiyo, maadamu amepunguza bei ipasavyo, kwa kuwa kila mwenye macho anaiona. Wajibu wa kusema unaelemea pale ambapo jicho la mnunuzi halifiki.

Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki wamelipokea swali hilohilo kwa njia nyingine. Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim inasimulia kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alipita penye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenye lundo, naye akajibu kwamba lilinyeshewa na mvua. Mtume akamtaka aeleze kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akatamka kwamba mdanganyifu si mwenzake.

Kisa hiki hutajwa mara nyingi kama karipio kwa walaghai, lakini kina mantiki nyembamba zaidi. Mvua haikuwa kosa la mfanyabiashara. Nafaka haikuwa yote mbovu. Sehemu yake tu ndiyo ilikuwa imelowa. Wala hakuzuiwa kuiuza. Alichoulizwa ni mpangilio: kikavu juu, kibichi chini.

Utetezi wa Apple katika sakata la kibodi ulikuwa kwamba waliopata shida ni sehemu ndogo tu ya wateja. Huenda ni kweli. Lakini mwenye lundo naye angeweza kusema kwamba nafaka iliyolowa ni sehemu ndogo tu ya mzigo wake, na jibu hilo lisingeeleza kwa nini ilikuwa chini. Hapa ndipo mwaka 2018 unapokuwa na uzito. Mei mwaka huo wanunuzi walifungua kesi ya pamoja katika mahakama ya shirikisho huko California. Juni, Apple ikatangaza mpango wa kutengeneza kibodi bila malipo kwa miaka minne tangu mashine ilipouzwa kwa mara ya kwanza. Julai ikatoa MacBook Pro mpya, na chini ya vitufe vyake mafundi wa kampuni ya iFixit wakakuta utando mwembamba wa silikoni. Hadharani kampuni ilisema kibodi hiyo ina kelele ndogo zaidi. Hati ya ndani kwa ajili ya mafundi wake, iliyovuja mwezi huohuo, ilisema utando unazuia uchafu usiingie. Sentensi zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Ila aliyekuwa anahesabu dola zake siku hiyo alipewa ile moja tu.

Apple haikukiri kosa lolote. Mwaka 2022 ilikubali kulipa dola milioni 50 kuimaliza kesi, na wanufaika walikuwa wanunuzi wa majimbo saba ya Marekani: hadi dola 395 kwa aliyebadilishiwa kibodi mara mbili au zaidi, hadi 125 kwa aliyebadilishiwa mara moja, hadi 50 kwa aliyebadilishiwa vitufe tu.

Si kila kasoro inabeba lawama ya namna hii, na haki inataka hilo lisemwe. Julai hiyohiyo ya 2018 mtengenezaji wa video Dave Lee aliipima MacBook Pro yenye prosesa ya Core i9, ghali kuliko zote, akakuta inatoa video kwa muda mrefu kuliko mashine ya mwaka uliotangulia yenye prosesa ya chini yake. Ilikuwa inapata joto, kisha inajipunguza kasi ili isiungue. Akaiweka ndani ya friza, nayo ikafanya kazi haraka. Baada ya siku chache Apple ikaeleza kwamba kulikuwa na pengo katika programu ya ndani inayosimamia joto, ikaomba radhi, na tarehe 24 Julai ikatoa marekebisho. Ilijua, ikasema, ikarekebisha. Nafaka ililowa bila mwenyewe kujua, na alipoonyeshwa akaigeuza juu.

Kwa hiyo kila kitu kinarudi kwenye kujua, na kujua ndani ya kampuni kubwa kuna utata ambao Cicero hakuwa nao. Anayejua hasa ni nani? Mhandisi aliyeshuku kwenye majaribio, mhudumu wa kaunta aliyepokea kompyuta ya ishirini yenye kitufe kilekile, au mkurugenzi anayepanda jukwaani? Mwaka 2008 Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa sababu ya malighafi dhaifu katika chipu za michoro za kompyuta mpakato. Chipu hizo zilikuwa zimeshaingia ndani ya mashine zenye majina ya kampuni nyingine kabisa, na mnunuzi alimjua yule tu ambaye jina lake limeandikwa kwenye kifuniko. Hata hivyo, kugawanyika kwa ujuzi hakuwezi kuwa udhuru. Kampuni inayokusanya kumbukumbu za matengenezo kutoka kila duka, na kuzisoma ili ijue iagize vipuri vingapi, imejua kwa kila maana ambayo neno hilo linaweza kubeba.

Tena mtengenezaji huyu ndiye aliyefunga mlango. Kibodi ya kipepeo haikutoka peke yake. Ilikuwa imeshikamanishwa na sehemu yote ya juu ya kompyuta pamoja na betri, hivyo kitufe kimoja kikifa, fundi hubadilisha nusu ya mashine. Mtu ana haki ya kubuni kitu kisichofunguka. Lakini kadiri anavyomnyima mnunuzi jicho, ndivyo deni lake la kusema linavyoongezeka, kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki wa kusema.

Vitabu vya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, vya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, vina mjadala unaofika mbali zaidi. Je, muuzaji anaweza kujitoa kwa kuweka sharti kwamba hahusiki na kasoro yoyote? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake cha Minhaj kimefundishwa vizazi na vizazi kwenye madarasa ya pwani, anatoa hukumu kwamba sharti hilo humfaa katika jambo moja tu: kasoro ya ndani ya mnyama, tena asiyoijua. Mnyama hula na kubadilika. Maradhi yake hujificha hata kwa mfugaji. Kitambaa hakina udhuru huo.

Na kompyuta mpakato? Kwa kiwanda ni kitambaa: kila kipande kimechorwa, kimepimwa, kina nambari yake. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi anayepokea mzigo wa mashine za mtumba kutoka Uingereza au Dubai, ni mnyama. Anaiwasha, anatazama afya ya betri, anabonyeza vitufe vyote, anasikiliza feni. Zaidi ya hapo hana mlango. Mipango ya matengenezo kama ule wa kibodi huhesabu miaka tangu mauzo ya kwanza, tena Apple hujiwekea haki ya kuihudumia mashine katika nchi iliponunuliwa tu. Ulinzi huisha wakati mashine ndiyo kwanza inashuka Dar es Salaam. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, inampa mlaji haki ya bidhaa bora na haki ya taarifa, lakini muuzaji wa rejareja hawezi kutoa taarifa ambayo hakupewa.

Hali hubadilika akishaijua. Mfanyabiashara ambaye mashine tatu za toleo lilelile zimerudishwa kwake hawezi tena kuiita ya nne mnyama. Na mwenye kompyuta aliyeteseka nayo, akalaani kiwanda kilichomnyamazia, huwa muuzaji siku anapoiweka sokoni. Kibodi imebadilishwa mara mbili, leo inaandika vizuri. Mnunuzi atakaa nayo saa nzima asione kitu. Karatasi za matengenezo ziko mkononi mwa mwenyewe, na kwa hukumu ya fiqhi zimo ndani ya mauzo, bei ishuke itakavyoshuka.

Wauzaji wengi wa mtumba hutoa siku chache za kujaribu. Fiqhi haihesabu siku hivyo: haki ya kurudisha huanza pale kasoro inapogunduliwa, ilimradi ilikuwepo kabla ya makabidhiano na mnunuzi hakuchelewa kuidai. Wakibishana kama ilikuwepo, Minhaj inalikubali neno la muuzaji, lakini kwa kiapo. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaweza kuapa kwa moyo mweupe kwamba mashine ilipotoka mikononi mwake kila kitufe kiliandika. Nini kilikuwa kikingoja chini ya vitufe hivyo, mwenye kumbukumbu za kutosha kuweza kuliapia hilo yuko California.