Ridhaa ya Mgonjwa ni Amana

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, nawausia nyinyi na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Sisi wa Hallonbergen tuko pua na mdomo na Solna, iliko Hospitali ya Chuo Kikuu ya Karolinska. Kituo chake cha saratani kinatibu, kinafundisha na kinatafiti. Huko mgonjwa anaweza kuulizwa: je, uko tayari kuingia katika jaribio la tiba? Swali hilo likifika nyumbani, huzuka zogo. Huyu husema, "Wanatugeuza panya." Yule husema, "Shifaa ni ya Mungu, tuache."

Naam, shifaa ni ya Mungu. Lakini Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, akatufunza kwamba kila maradhi yameteremshiwa dawa. Anayefunga ngamia wake kisha akamtegemea Mungu, huyo ndiye aliyetawakali.

Na tuelewe tunachoulizwa. Awamu ya kwanza hutafuta kipimo kilicho salama, kwa wagonjwa wachache. Ya pili huangalia kama saratani inaitika dawa. Ya tatu hulinganisha dawa mpya na tiba bora iliyopo, na mara nyingi kompyuta ndiyo hupanga nani apate ipi. Jaribio la dawa halianzi bila kibali cha Läkemedelsverket, mamlaka ya dawa ya Sweden, na kupimwa kimaadili. Aliyeingia anaweza kutoka siku yoyote, na matibabu yake ya kawaida hayakatwi. Faida haina dhamana, madhara yanaweza kuwapo. Kwa hiyo kukubali si wajibu, na kukataa si dhambi.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1967, Mulago, Kampala, kilifunguliwa kituo cha kutibu watoto wenye saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya. Majaribio ya dawa yaliyofanyika pale yaliongeza elimu ya kutibu saratani duniani kote. Anayepona leo Ulaya huenda ana deni kwa mtoto wa Uganda asiyemjua. Hiyo nayo ni sadaka inayoendelea.

Sasa, ndugu zangu, nije kwenye kosa letu wenyewe. Mama anaumwa, haelewi Kiswidi, mtoto wake anamtafsiria. Daktari anataja saratani, mtoto anasema, "Mama, ni uvimbe tu." Daktari anaeleza jaribio, mtoto anajibu hapana, mama hajaulizwa. Au anajibu ndiyo, mama anatia saini asichokijua. Tunaita huruma. Lakini Mtume alikataza mwanamwali kuozwa bila kuombwa ridhaa, na biashara haisihi ila kwa kuridhiana. Iweje mwili wa mama yako uamuliwe naye yuko gizani?

Tafsiri ni amana. Ombeni mkalimani, hospitali ina wajibu wa kumtafuta. Wewe mwanawe kaa pembeni, mshike mkono. Mwache aulize: dawa hii inafanya nini, itaniumiza vipi, nisipoitaka nitapewa nini? Akijibu, jibu lake lipokeeni, hata kama silo mlilolitaka.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, wape subira wanaowauguza, na zifanye ndimi zetu ziwe za kweli mbele ya wazazi wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.