Lumbesa na Dhamiri ya Mkristu

Msimu wa vitunguu ufikapo katika wilaya za Iramba na Mkalama, mkoani Singida, huonekana jambo ambalo wengi tumelizoea hata halitushtui tena. Gunia likiisha kujaa, kamba husukwa juu yake kama wavu, na vitunguu vingine hushindiliwa humo hata gunia likaota kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima ametoa gunia na zaidi. Hulipwa bei ya gunia moja.

Sheria ya nchi yakataza gunia kuzidi kilo 100. Lakini Mkristu hangoji afisa wa vipimo ndipo ajue wizi ni nini. Kitabu cha Walawi na kile cha Mithali vyakemea vipimo vya uongo, na Amri ya Saba yatufunga sote.

Mnunuzi hujitetea: "Sikumlazimisha, tumepatana." Neno hilo nalo tulipime. Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayaufanyi ujira uwe wa haki, ikiwa mfanyakazi ameyakubali kwa kusukumwa na shida. Mwaka 1967 Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio, aliyatumia mafundisho hayo kwa biashara ya mataifa tajiri na maskini. Lililo kweli kati ya mataifa ni kweli pia kati ya watu wawili waliosimama kando ya gunia. Mkulima mwenye mgonjwa nyumbani, na vitunguu vinavyoanza kuoza, hakubali kwa hiari, amebanwa.

Mwingine husema: "Wote hufanya hivyo, nikikataa peke yangu nitafilisika." Ugumu huo twaujua, wala hatuudharau. Ila wingi wa watendao haugeuzi dhuluma kuwa haki. Asiyeweza peke yake na apatane na wenzake wa jumuiya kununua kwa kilo; nao wakulima waungane, wapime kwa mizani kabla ya kuuza.

Nasi tununuao magunia mjini kwa ajili ya arusi au shule, tukichagua lenye kichwa kirefu kwa bei ile ile, tumeshiriki.

Zakayo alipompokea Bwana nyumbani mwake hakuishia kusikitika. Aliahidi kurudisha mara nne. Basi Jumapili hii, kabla ya kupeleka sadaka altareni, kila mmoja wetu ajiulize: humu mkononi mwangu mna jasho la nani?